Mfinyanzi wa Ikombe agoma kufuta sura ya tisa

Saa moja asubuhi, kijijini Ikombe kando ya ziwa, Hosiana Mwakalobo ameketi chini, miguu ameikunja, anasugua chungu kibichi kwa kokoto. Anavyokisugua, mgeni anaweza kudhani chungu ndicho kilichomuudhi.

"Kamati imesema kitabu ni kizuri, ila nifute sura ya tisa," anasema bila kuinua kichwa. "Sasa kitabaki na nini? Mapambio?"

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili hufinyanga, na akipata nafasi huandika riwaya za Kikristo. Hii ya tatu imemla miaka minne na madaftari saba. Inamhusu mjane aliyenyang'anywa shamba la mpunga na mzee wa kanisa, yule yule aliyekuja kumfariji msibani. Katika sura ya tisa mzee anasimama mbele ya washarika, anakiri, anarudisha shamba. Ndipo mjane anamsamehe.

Kamati ya kanisa inayochapisha vitabu inataka mjane asamehe kimyakimya, nyumbani. Eti sura hiyo itawavunja moyo waumini. Mjane kubaki bila shamba, hilo halimvunji moyo mtu!

Jana Sylvester, fundi simu wa Mbugani ambaye naye ni mwandishi, alipanda mtumbwi kuja kumbembeleza. Riwaya yake alishairekebisha walivyotaka, ikachapishwa.

"Dada, ujumbe wetu si msamaha?" alimuuliza. "Wape wanachotaka, watu wasome."

Hosiana alimpeleka wanakochomea vyungu. Hapa wanawake huchoma pamoja, vyungu vya nyumba nyingi katika moto mmoja, na kabla ya kuwasha kila mmoja hukagua vya mwenzake. Ukiziba ufa kwa tope ukanyamaza, chungu chako kitapasuka motoni na kuvunja vya jirani. Hosiana alifanya hivyo akiwa msichana. Vyungu kumi na kimoja vya shangazi yake viliharibika.

"Nilisimama mbele ya akina mama wote, nikasema ni mimi," alimwambia. "Kisha nikamfinyangia shangazi vingine, kimoja kimoja. Msamaha niliujulia hapa, kaka. Wewe huo wako uliuona wapi?"

Sylvester aliinama kidogo.

"Kwenye kitabu changu binti alimwambia mama yake alichofanyiwa na baba mdogo," alisema. "Wakanifutisha. Sasa wasichana wananipigia simu, wananiuliza binti yule alimwambia nani."

Hosiana anasema usiku huo hakula, kwa uchungu.

Madaftari ameshayafunga kwenye khanga. Jumamosi, akivusha vyungu kwenda gulioni Matema, atasimama kati ya wauzaji na kusoma mwenyewe, kuanzia sura ya tisa.

"Wazee wa kanisa nao wanakaribishwa," anasema. "Atakayeinuka kuondoka katikati, wajane watajua pa kuanzia kuuliza."