Viazi vidogo nilivyomtumia mdogo wangu Iringa vimeliua shamba lake

Vijana wa humu, najua hamtaniamkia maana hamnioni. Basi shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Mimi shule niliiachia darasa la nne na hapa naandika kwa kidole kimoja. Herufi zikikosewa, nyie someni tu. Hili ni langu, limenitokea, na sijaongeza chumvi. Nimechoka hata nguvu ya kudanganya sina.

Nalima viazi milimani huku juu ya Mbeya tangu nilipoolewa. Kwetu mkivuna, vikubwa vinakwenda sokoni, vya kati mnakula, vile vidogo saizi ya yai la kuku ndiyo mbegu. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi hivyo hivyo.

Na ndugu akiomba mbegu, unampa. Kumnyima ni kama kumnyima maji ya kunywa.

Msimu uliopita mashina machache kule bondeni yakawa yanalegea mchana. Jioni yanasimama tena.

Neema, mke wa mwanangu ninayeishi naye, akasema, "Mama, hivi viazi vinaumwa."

Nikamjibu, "Hilo ni jua. Wewe umekuja hapa juzi tu."

Juzi gani? Ana miaka kumi na moja kwangu.

Tukavuna. Vingi vilikuwa vizuri. Yale mashina yaliyolegea yakatoa vidogo vidogo tu. Nami vidogo nikavitia kwenye kapu la mbegu, kama siku zote.

Hapo rudieni kusoma. Shina linaloumwa halikuzi kiazi. Kwa hiyo ukikusanya vidogo bila kujua vimetoka shina gani, unakusanya wagonjwa. Mimi nimezeeka sijaliwaza hilo.

Sasa, mdogo wangu Tusekile aliolewa Kilolo, kule Iringa. Mumewe alishafariki. Ana shamba moja, ndilo lote alilonalo. Akapiga simu kwamba mbegu yake imechoka. Nikafunga kiroba, nikakipakia kwenye basi, akakipokea kituo cha basi cha Ipogolo, pale Iringa mjini. Alinipigia siku hiyo anaimba.

Viazi vyake vilipoanza kuchanua, simu ikaja tena.

"Dada, njoo. Usiniulize, njoo tu."

Nikaenda. Shamba lote limelala chini, majani bado ya kijani, kama kuna mtu kayamwagia maji ya moto.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alileta glasi ya maji, akakata shina moja karibu na udongo, akalining'iniza humo ndani, alivyofundishwa na bwana shamba. Tukainama tunaangalia. Muda kidogo, kwenye shina ukashuka uzi mweupe kama maziwa.

"Unaona, dada?"

"Naona."

"Umenitumia mgonjwa ndani ya kiroba."

"Sikujua, Tuse."

"Neema kaniambia alikuonya."

Nikakubali, ni kweli alinionya.

Ugonjwa wenyewe unaitwa mnyauko. Bwana shamba anasema baridi ya kwetu inauficha, unakaa kimya ndani ya kiazi. Ukipelekwa kwenye joto, kama pale kwa Tuse, unaamka. Na ukiingia ardhini hautoki mwaka huu wala mwakani. Viazi asipande hapo, wala nyanya, wala pilipili. Apande mahindi. Mtu aliyekuwa anaishi kwa viazi na nyanya!

Halafu alishamgawia jirani yake mbegu ile ile. Tulikwenda wote wawili kumwambia. Yule mama alikuwa anang'oa. Akaniangalia, akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene. Kumbe ndiyo wewe dada wa Mbeya?" Akaendelea kung'oa.

Nikapanda basi la kurudi Mbeya.

Vijana, wema wa mbegu nao una madhara. Usipokee mbegu kwa sababu mtoaji ni ndugu, na usiitoe kwa sababu una huruma. Nendeni shambani mchana jua likiwa kali, mkaangalie nani amelegea. Na mkwe akikwambia kitu, sikiliza.

Mwenye kujua namna ya kuiponya ardhi ya Tuse mapema aniandikie hapa chini. Pole zenu bakini nazo. Na mwenye kunisema, aniseme.

Niliporudi nyumbani niliwakusanya wote jikoni. Nikamwambia Neema aketi kwenye kiti changu, kisha nikasema: kuanzia leo mbegu ni ya Neema, siyo yangu. Tutanunua iliyokaguliwa. Bondeni tunapanda mahindi. Shina likilegea ling'olewe na udongo wake, lifukiwe mbali, na jembe lioshwe. Na vile vilivyobaki ghalani tutavila sisi. Kiazi kibichi hakitoki kwenye nyumba hii, hata aje niliyezaliwa naye tumbo moja. Mgeni akitaka kubeba viazi, mchemshieni kwanza.