Ni skrini au ni macho yangu?

Saa tatu asubuhi. Msahihishaji anasoma karatasi ya dawa ya kikohozi cha watoto, na anaisoma kinyumenyume. Ameanzia neno la mwisho kabisa, chini kulia, anapanda taratibu huku midomo ikinong'ona kila tarakimu: "Tano. Nukta. Mbili." Ukianzia mwanzo, anasema, akili inakimbilia maana na kuliruka kosa.

Anajiweka vizuri kitini. Skrini inazimika.

Ni sekunde moja, pengine haifiki. Maandishi yanarudi yote, kila herufi mahali pake. Lakini yeye ameshashika meza kwa mikono miwili. Hafikirii waya wala umeme. Anamfikiria mama yake, aliyekaa nyuma yake kwenye kochi akikunja nguo kwa kupapasa, maana macho yake hayaoni kitu.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, wiki tano zilizopita.

Mwanamke huyu ana miaka arobaini na mitatu. Kiwanda cha uchapaji kinachompa kazi kinamwita Nukta, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Katika mwaka wake wa pili aligoma kutia sahihi karatasi moja ya dawa ya moyo. Wenzake walimcheka, wakasema huyu mama ana mambo. Kumbe nukta moja ilikuwa imedondoka, na nusu miligramu imekuwa tano. Mashine zilisimamishwa siku hiyohiyo.

Miaka sita sasa anafanyia kazi nyumbani, tangu mama yake alipopoteza uwezo wa kuona. Kila wiki anapitia karatasi arobaini za dawa, zile zinazokunjwa mara nane ndani ya boksi. Herufi zake ni ndogo mno kwa kioo cha laptopu, hivyo alinunua skrini kubwa iliyotumika, akaiunganisha kwa waya na kuiweka kwenye kona ya sebule.

"Mama alianza hivihivi," anasimulia. "Alikuwa na miaka kama yangu. Mwanga ulikuwa unakatika, unarudi. Daktari alituambia ugonjwa wenyewe unatembea kwenye ukoo, nikapimwe kila mwaka. Sikwenda hata mara moja. Nilijitia hamnazo."

Basi skrini ilipoanza vituko, alihangaika nayo kimyakimya. Alihamisha plagi kwenye soketi nyingine. Alichomoa waya wa picha, akaufuta, akaurudisha. Alipunguza mwanga, akabadili mipangilio yote aliyoifahamu na mingine asiyoifahamu. Bado ilikatika, mara sita, mara saba kwa siku.

Mtu mwingine angemwita jirani amwambie hebu njoo utazame hapa. Yeye alishindwa. "Na kama jirani angesema haoni kitu?" anauliza, na hapo sauti yake inashuka. "Nikae na jibu hilo nilipeleke wapi?"

Akawa anasoma kila karatasi mara tatu. Chakula hakipiti. Akiona kivuli ukutani anashtuka, akipepesa jicho anahesabu. Alikuwa akitembea na roho mkononi, kwa sababu kosa lake yeye halibaki kwenye karatasi. Linaingia kwenye kijiko, na kijiko kinaingia mdomoni mwa mtoto wa watu.

Wiki ya tatu alipiga moyo konde. Aliifunga skrini kwa shuka, akachukua laptopu na waya, akaenda kwa fundi kompyuta wa mtaa wa pili. Fundi aliviunganisha juu ya meza yake, akakaa kwenye stuli ya mbao, akaviacha vikiwaka toka asubuhi hadi saa saba. Nukta mwenyewe alisimama pembeni muda wote, hakubandua macho. Haikukatika hata mara moja.

"Dada, mzigo wako ni mzima kabisa," fundi alimwambia. "Labda ni uchovu. Umepima macho lakini?"

Alisema kwa nia njema. Hata hivyo Nukta anasema ilibidi aombe stuli ile akae kwanza. Alirudi nyumbani, akaunganisha kila kitu, akakaa. Hata kibodi hajaigusa, giza likapita.

Siku ile aliamua yamekwisha. Alifungua ukurasa mpya, akaanza kuwaandikia kiwandani: naomba kuacha kazi kuanzia mwisho wa mwezi. Alifika mstari wa tatu.

"Mbona unaandika huku unavuta kamasi?" mama yake aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Mafua tu, mama."

"Mafua ya wiki tatu? Mwanangu, mimi ni kipofu, si kiziwi." Mama ni mtu wa maneno makavu, na hata leo akisimulia hatabasamu. "Hicho kiti chako kinapumua fyuu, halafu wewe unashtuka. Kinapumua, unashtuka. Nimehesabu mpaka nimechoka. Nilidhani unaogopa kitakuangusha."

Kiti chenyewe ni kile cha ofisini cha kuzunguka, chenye bomba la hewa la kupandia na kushukia. Nukta hakuelewa mara moja. Akamweleza kwamba kinachomshtua ni skrini kuzimika, na mama akamwamuru ainuke. Akainuka, kiti kikapumua, skrini ikazimika. Akakaa, ikazimika tena. Walirudia mara kumi, na mara nane ilizima. Kisha akakaa robo saa bila kujitikisa, hata kumeza mate anaogopa. Haikuzima. Akaleta kiti cha mbao kutoka jikoni, akakikalia mchana kutwa, na mchana kutwa ikatulia.

Ungedhani angeshangilia. Aliogopa zaidi. Aliyeyaona hayo yote ni yeye peke yake, kwa macho yaleyale aliyokuwa akiyashuku.

Kesho yake alimwita fundi nyumbani. Fundi alikaa kwenye kiti cha hewa, akainuka, akakaa, akaitazama skrini. "Aa. Imezima," alisema.

"Nilimwomba arudie," anasema Nukta. "Akarudia. Nikamwomba tena. Nadhani aliniona nimechanganyikiwa."

Fundi alieleza kwamba viti vya namna ile, mtu akikaa au akiinuka, hutoa cheche ndogo ya umeme isiyoonekana. Haimdhuru mtu, ila waya wa picha usio na kinga nzuri huidaka, na picha inakatika. Kule kwenye stuli yake ya mbao isingetokea hata wangekaa mwaka. Akamwekea waya mwingine, mnene na mfupi, na tangu hapo skrini imetulia.

Mama hakucheka. Alimwita mwanawe akae karibu naye, akamweleza jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Mimi mwanga wangu ulipoanza kukatika nilisema ni taa. Nilibadilisha taa tatu, nikagombana na fundi umeme wa watu. Mwaka mzima nalaumu taa. Nilipofika kwa daktari, aliniuliza nilikuwa wapi." Kisha akasema, "Kiti tumekijua. Macho yako bado hatujayajua."

Nukta hafichi kwamba bado anaogopa, pengine kuliko siku zile za skrini. Hata hivyo amepanga: Alhamisi hii, saa mbili asubuhi, kliniki ya macho. Ameshawaomba kiwandani wampe vijana wawili awafundishe kusoma kinyumenyume, majibu yawe mazuri au mabaya. Akikutwa mzima, atakwenda kupimwa kila mwaka. Akikutwa na ugonjwa wa mama yake, anataka uwe umegunduliwa mapema.

Mama yake naye ameshachagua nguo ya kuvaa siku hiyo. Ukimuuliza anakwenda kufanya nini, anakushangaa.

"Namsindikiza. Pale watu ni wengi, wanaita namba mara moja tu," anasema. "Yeye kwa woga wake hataisikia. Mimi nitaisikia."