Marahaba Kabla ya Shikamoo

Nichekeni tu, nimeshazoea. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si mtu wa kuokota maneno vijiweni. Hili lilinitokea mwenyewe, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwetu Msimbu, Kisarawe, nikiwa na akili zangu timamu.

Mvua za vuli zikianza, mbayuwayu hurudi kwenye viota vyao vya udongo chini ya paa la Mama. Utotoni tulikaa naye barazani tukiwasubiri, tukibishana nani kamwona wa kwanza. Jamani, raha ile! Mwaka wake wa mwisho alinipigia simu Kibaha, ninakofundisha: "Wamerudi, njoo tuwaangalie." Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Alifariki Ijumaa.

Vuli iliyofuata nilikwenda kuiandaa nyumba iuzwe. Nimeshika ufito nibomoe vile viota, mnunuzi akute pasafi, nikasikia nyuma yangu: "Marahaba!"

Nikageuka. Mwanamke wa miaka kama thelathini, kitenge kikavu kabisa katikati ya manyunyu. Mimi na mvi zangu, tena sijamwamkia mtu! Mama ndiye aliyezoea kutuitikia hivyo tukisahau kumwamkia, ili tuone aibu.

"Wewe binti," nikasema, "hapa nani wa kumwamkia mwenzake?"

Alikuwa ameinua uso, anatazama paa. Kisha akauliza taratibu, "Kwani leo ndiyo Jumamosi?"

Niamini, habari za ile simu sikuwahi kumsimulia mtu yeyote. Niliona aibu. Ufito ukanidondoka. Nikasema, "Shikamoo, Mama," na hapohapo mbayuwayu wawili wakapita juu ya vichwa vyetu, wakaingia kiotani. Nikawatazama, mazoea hayo. Niliposhusha macho nilikuwa peke yangu uani, na kwenye tope nyayo zilikuwa zangu tu.

Unadhani nilikimbia? Nililia. Nyumba sikuiuza, na ndugu zangu wamenuna hadi leo. Kila vuli naenda, nakaa barazani mpaka giza linaingia. Ndege wanakuja, yeye haji, na hilo linaniuma kuliko hofu ya siku ile.

Basi nawe unayesoma, mzazi akikuita mkaangalie ndege, usimuulize kuna dharura gani. Omba ruhusa kazini, panda gari, nenda ukakae naye.