Risasi Mbili za Mtani Wangu

Jamani, pikipiki yangu ilipandisha mashetani.

Ikifika spidi sitini tu, usukani unatetemeka, meno yanagongana, mama mzima nacheza ngoma nimekaa.

Na ilikuwa imetoka gereji asubuhi hiyohiyo!

Gereji ya Toé, hapa mtaani kwetu Tampouy. Yeye kabila lake Msamo, mimi Mmosi: watani wa jadi. Hana adabu kwangu, sina adabu kwake.

Alinifungia tairi jipya la mbele, akanikabidhi huku anacheka. "Haya mtumwa wangu, chukua punda wako. Nimemvisha na hereni, maana nyie Wamosi urembo hamuujui."

"Hereni kamvishe mkeo, mla mbwa wewe!"

Nikaondoka. Nikatetemeka mpaka kibandani kwangu, ninakouza wali kwa kunde.

Sasa nyie mnanijua. Sahani ya kwanza, nikasimulia. Sahani ya kumi, hadithi imeshakua: Toé nusura aniue.

Siku ya nne mkewe akaja kununua chakula. Sahani moja, ya watu watano.

"Dada Nopoko, gereji imebaki na nzi. Wiki hii ikiisha hivi, anafunga."

Nikajifanya nakoroga sufuria.

Mchana, kibanda kimefurika, Toé huyo hapo. Hakunitukana. Hapo ndipo nilipoogopa.

Akainua pikipiki yangu kwa stendi, injini akaikingia gogo, gurudumu la mbele likaning'inia. Akalizungusha. Likasimama. Sehemu ya tairi iliyokaa chini akaitia alama ya chaki.

Akazungusha tena. Chaki ikarudi chini palepale.

"Upande huu mzito," akasema. "Upande wa pili niliufungia risasi, yale madini mazito, ili gurudumu lisawazike. Nopoko, risasi zangu mbili ziko wapi?"

Kijiko cha mtu kikaanguka.

Nikaingiza mkono mfuko wa aproni. Vipande viwili vya risasi, vidogo kama kunde. Siku ile, kona ya kwanza tu, nilivichomoa kwenye spoku kwa koleo. Nitembee na utani wa Msamo mjini? Thubutu!

"Si ulisema... hereni?"

Kibanda kizima kikalipuka. Mzee mmoja alipaliwa na kunde.

Toé akazibana mahali pake. Nikaipanda pikipiki mpaka spidi themanini, usukani umetulia kama maji mtungini.

Niliporudi akatoa hukumu: "Ulichokisema kwa sahani, kifute kwa sahani."

Nikahamishia sufuria mlangoni pa gereji yake. Kila mteja, kabla ya wali, nasimulia nilivyochomoa. Watu wakaja kunicheka, wakaja na pikipiki zao.

Leo foleni yake inafika barabarani. Na mimi sijarudi kwenye kibanda cha zamani, maana hapa gereji wali unaisha saa saba mchana.

Ila Toé hajaniacha. Jana mbele ya watu kaniambia, "Gurudumu nimelimaliza, mtumwa wangu. Sasa umebaki huo mdomo wa kusawazisha."

Nami nasema kweli: mtani akikutukana, cheka. Lakini akikufungia gurudumu, muulize kwanza kabla hujachomoa, na kabla hujasimulia.