Rekodi ya Baba na Flashi ya Linux
Kompyuta yangu ya mtumba ilipogoma kufunguka, fundi mmoja wa mtaani kwetu Shanwe alishauri diski ifutwe na mfumo uwekwe upya. Nilikataa, kwa kuwa humo ndimo ilimokuwa rekodi pekee ya marehemu baba akisimulia hadithi kwa Kibende, lugha yetu. Nilichomeka flashi yenye Linux, mfumo unaotolewa bure, nikaiwasha kompyuta kwa mfumo huo bila kuigusa diski. Mafaili yote yalionekana.

Mama aliposikiliza rekodi ile alicheka. "Bado anakohoa kwanza ili watu wanyamaze."

Kisha akauliza ni nani aliyetusaidia. Nikamweleza kwamba ni watu wengi nisiowajua, walioiandika programu hiyo na kumruhusu kila mtu aitumie.

"Basi waambie tumeshukuru, mwanangu."

Jioni ile niliwaandikia katika jukwaa lao la mtandaoni, kwa Kiswahili, kwa maneno yake yaleyale.