Tairi la Nyuma, Upande wa Kushoto

Wazazi wetu walipofariki, mimi mkubwa niliacha shule nikajifunza kuziba na kujaza tairi hapa Sange, kando ya barabara kubwa. Wadogo wangu wasome. Asubuhi ile yule wa mwisho alikuwa anakwenda Uvira kufanya mtihani wa taifa, saa nne.

Gari alilopanda lilikuwa limeshuka kutoka Rurambo. Mvua ikinyesha, madereva wa milimani hupunguza hewa makusudi ili tairi lilale, lishike matope. Wakifika lami, wengi hawajazi tena. Hili lilibeba mihogo, makaa na watu tisa, na matairi yalikuwa yamevimba chini kama miguu ya mgonjwa.

Niliyagusa. Matatu yalikuwa na uvuguvugu. La nyuma kushoto lilinichoma kiganja. Tairi lenye hewa kidogo hujikunja kila linapozunguka, likapikika kutoka ndani. Nilitia mate kwenye vali, mapovu yakatoka. Kumbe lilikuwa linavuja pia.

"Zima gari," nilimwambia dereva. "Nibadilishe vali, nilifungue nione ndani."

"Mama, weye chunga bugali yako jikoni! Tairi iko na moto, ukijaza itapasuka."

"Itapasuka kwa kukosa hewa."

"Huyu anatafuta kazi," abiria mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Nilimshika mdogo wangu mkono nikamshusha.

"Yaya, mtihani!" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Shuka."

"Yaya, mwaka mzima!"

Alilia mbele ya watu, kijana mwenye ndevu. Sikumwachia mpaka gari likaondoka, likipiga lami pa, pa, pa.

Pikipiki hatukupata, na gari lingine lilikawia kujaa. Nilimsindikiza. Njia nzima nilitazama mitaroni, kila daraja, kila kona. Hakukuwa na kitu. Uvira tulikuta mlango wa mtihani umefungwa, na gari lile likishusha makaa sokoni.

Sasa anarudia mwaka. Chakula anapokea kwangu, neno hanipi.

Wiki iliyopita dereva yule alisimamisha gari mbele yangu. "Mama, si unaona tuko wazima?"

Tairi lilikuwa lile lile. Wamelijaza, limekuwa gumu, lakini ubavuni pametokea uvimbe kama yai, mahali nyuzi za ndani zimekatika. Hewa haiponyi hilo. Nilimwonyesha, akapiga honi. Nikawageukia abiria, nikawaambia washuke.

Walinitazama. Hakuna aliyeshuka.