Tangazo la Madaktari wa Macho

Siku yangu ya kwanza kama msimamizi wa tovuti, katika hospitali moja ya hapa Sumbawanga, Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, aliniambia, "Mama, mgonjwa akifungua hii kitu asihangaike." Basi.

Vijana mnadhani kazi yetu ilikuwa rangi. Tulianza na mtu: anatafuta nini, ana simu gani, bando lake litatosha? Nilikuwa nakwenda kwa wagonjwa wanaosubiri, nampa mmoja simu, namwomba atafute siku ya kliniki, kisha nanyamaza nimtazame anapokwama. Hilo tuliliita jaribio la mtumiaji. Wengi walikwama kwenye picha kubwa ya ukurasa wa mwanzo. Nikaiondoa, matangazo nikayapandisha juu. Tovuti ikafunguka hata Wampembe, ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Mfawidhi yule akahamishwa. Aliyemfuata alitaka picha zinazopishana, yeye akikata utepe, yeye akisalimiana na wageni.

"Daktari, tangazo la madaktari wa macho, wale wanaotujia mara moja kwa mwaka, limeenda chini mno," nilimwambia. "Na tarehe zimebadilika, wanakuja mapema. Watu hawataliona."

"Kwani wamekatazwa kushuka chini?"

Nilirudi kumwomba tena, walau hadi madaktari wamalize. Akasema wageni wa makao makuu wataikagua tovuti, picha zibaki.

Madaktari walikuja, wakatibu, wakaondoka. Ndipo alipofika kijana mmoja wa Kaoze, amemshika mama yake mkono.

"Shikamoo mama. Tumekuja kwa madaktari wa macho."

"Marahaba. Wameondoka juzi, mwanangu."

"Nilifungua tovuti yenu nihakikishe. Zilikuja picha tu, bando likaisha. Tukafuata tarehe ya zamani."

Mama yake akamuuliza kwa Kifipa nimesema nini. Kijana alitazama sakafu.

Niliwapeleka kwa Mfawidhi. Alisikitika kweli, akaagiza waletewe chai. Picha hakuziondoa.

Yule mama alikuwa na presha ya macho, ambayo ikicheleweshwa hupofusha. Madaktari waliporudi mwaka uliofuata, alikuwa haoni kabisa, nao wakasema mshipa wa jicho umeshakufa, hakuna cha kupasua. Kijana alinipitia ofisini kuniambia. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nilifanya kazi chini ya wafawidhi wengine baada ya hapo. Kila mmoja aliitengeneza tovuti upya, kila mara ikawa nzito zaidi. Nilistaafu nikiwa nimechoka kueleza jambo lile lile. Mkiniuliza kazi yangu imebaki wapi, sioni hata kipande chake.

Juzi nilitaka kujua siku ya kliniki ya sukari, ninaumwa sasa. Nilibonyeza kitufe hiki na kile, nikaletewa hotuba ya ukaribisho. Nikazima simu, nikavaa sweta, nikatembea hadi getini kumuuliza mlinzi. Naye hakujua.